"Na Majukumu Mengine Atakayopangiwa"

Katika barua ya ajira ya mwalimu, mstari unaostahili kusomwa mara mbili ni ule wa mwisho. Juu yake yamepangwa mambo ambayo kila mtu anayategemea: kuandaa masomo, kufundisha kwa kufuata ratiba, kusahihisha kazi za wanafunzi, kutunza daftari la mahudhurio, kushika zamu, kuhudhuria vikao. Halafu chini kabisa, mithili ya mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, unakuta: "na majukumu mengine atakayopangiwa na mkuu wa shule."

Nilipoanza kufundisha niliuona mstari ule nikaupita. Miaka mitatu baadaye ndio uliokuwa kazi yangu. Nilikuwa mwalimu wa michezo ambaye hajawahi kucheza lolote, mtunza stoo ya vitabu, mshauri wa wanafunzi asiye na mafunzo ya ushauri, katibu wa vikao, na siku mashine ya kurudufu ilipokwama, fundi. Kufundisha nilikuwa nafundisha pia, katika nafasi zilizobaki.

Shule ina kazi nyingi zisizo na mwenyewe, na mtoto akitapika katikati ya kipindi hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayekwenda kutazama kwanza kama kufuta matapishi kumo kwenye barua yake. Hilo silibishii. Ninachokibishia ni orodha inayoongezwa kila muhula na haipunguzwi hata siku moja. Ukiichunguza orodha hiyo kwa utulivu utaona imechanganya vitu viwili vya asili tofauti kabisa: wajibu na matarajio. Wajibu ni jambo ambalo mwalimu anaweza kulitenda kwa mikono yake na kuulizwa asipolitenda. Tarajio ni jambo ambalo watu wanatumaini litatokea akishatenda. Kuingia darasani kwa wakati ni wajibu. Darasa zima kufaulu ni tarajio. La kwanza liko ndani ya uwezo wake. La pili linategemea yeye, mtoto, nyumba anakotoka mtoto, waalimu waliomtangulia, idadi ya madawati, na kama mtoto alilala usingizi usiku ule.

Vikichanganywa viwili hivi, mwalimu mvivu anapata pa kujificha, na mwalimu mwenye bidii anapata maradhi.

Nianze na madaftari, maana hapo hesabu inasema yenyewe. Shule nyingi zinamtaka mwalimu atoe zoezi kila siku na alisahihishe. Linasikika kama jambo dogo. Sasa mchukue mwalimu mwenye mikondo mitano, kila mkondo una wanafunzi 50. Mpe kila daftari dakika tatu tu, ambazo hazitoshi hata kusoma insha fupi na kuandika sentensi moja ya maana chini yake. Madaftari 250 kwa dakika tatu ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu kwa zoezi moja. Ana vipindi 25 kwa wiki, kila kimoja dakika 40: hizo ni saa 16 na dakika 40 za kusimama mbele ya wanafunzi. Andalio la somo tulipe nusu saa, na tukubali kwamba somo moja analitumia katika mikondo yote mitano, hivyo saa mbili na nusu kwa masomo matano. Akitoa zoezi moja kwa wiki ana saa 31 na dakika 40, kabla ya zamu, vikao, taarifa na wazazi. Akitoa mawili, saa 44 na dakika 10. Akitoa kila siku kama anavyoagizwa, saa 81 na dakika 40.

Wakuu wa shule wanaijua hesabu hii, kwa sababu nao waliwahi kushika chaki. Hata hivyo agizo linabaki ukutani na daftari la ukaguzi linasainiwa. Kinachotokea katikati ni alama ya vema. Mwalimu anapitisha kalamu nyekundu kwenye kurasa kwa kasi ya mtu anayehesabu noti, na jioni anaweza kuapa kwamba amesahihisha. Nilifanya hivyo. Mwanafunzi wangu mmoja aliingiza katikati ya insha mstari wa wimbo wa mashabiki wa mpira, bila shaka kunijaribu, nikampa vema. Alinionyesha mwenyewe wiki iliyofuata, kwa heshima zote, na wenzake wakacheka. Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa kosa gani?

Hasara ya vema hizo ni kubwa kuliko kutosahihisha, kwa sababu mtoto anajifunza kwamba anachoandika hakisomwi na mtu. Na upande wa pili, tunajua kazi iliyosomwa kweli inafanya nini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, Ruth Butler aliwagawa wanafunzi katika makundi: wengine walirudishiwa kazi zikiwa na alama peke yake, wengine maoni ya maandishi peke yake, wengine vyote viwili. Waliopata maoni tu ndio walioendelea vizuri katika kazi iliyofuata na kubaki na hamu nayo. Waliopata alama na maoni kwa pamoja hawakunufaika hivyo, kana kwamba jicho lilikwenda kwenye namba likaishia hapo. Mwalimu yeyote aliyewahi kurudisha karatasi za mtihani ameliona hilo: watoto wanageuziana karatasi kulinganisha alama, na yale maneno uliyoyaandika hadi usiku wa manane hayana msomaji.

Kwa hiyo shule inayotaka kusahihisha kuwe na maana ingeandika sharti dogo na kulisimamia: kazi moja kila baada ya wiki mbili, isomwe yote, irudishwe na maoni, na mwanafunzi apewe muda darasani wa kuyafanyia kazi maoni hayo. Kati ya hizo, mazoezi mengine wanafunzi wasahihishane, au mwalimu apite kati ya madawati akitazama. Kwenye karatasi hili linaonekana kama kulegeza kamba. Ukilisimamia utaona limekaza, maana sasa mwalimu hana kisingizio.

Wazo kwamba mzigo wa kazi upimwe kwa kuhesabu lina umri mkubwa kuliko walimu wengi walioko kazini. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa serikali ulioitishwa Paris na UNESCO kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu. Ndiyo maana Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, ikawekwa tarehe hiyo. Watu wanaikumbuka siku kwa maua na hotuba, na waraka wenyewe haufunguliwi. Ungefunguliwa, wangekuta unasema kwamba katika kupanga saa za kufundisha izingatiwe idadi ya wanafunzi anaokutana nao mwalimu kwa siku na kwa wiki, muda wa kuandaa masomo na kutathmini kazi, idadi ya masomo tofauti anayopangiwa kwa siku, shughuli za nje ya masomo, usimamizi na ushauri wa wanafunzi, pamoja na muda wa kuzungumza na wazazi. Yaani ile hesabu yangu ya madaftari, zaidi ya nusu karne iliyopita. Waraka huo ni pendekezo, hauna nguvu ya mkataba unaozibana nchi, na hilo linaeleza kwa nini umezeeka kimya kimya. Kisha waraka huohuo hauwabebi walimu mgongoni: unawataka wajue kwamba hadhi yao inategemea kwa kiasi kikubwa wao wenyewe, na wafikie viwango vya juu kabisa katika kazi yao.

Sasa twende kwenye matokeo ya mitihani, ambako tarajio limevaa kabisa nguo za wajibu.

Mwaka 1862 Uingereza ilianza utaratibu uliosimamiwa na Robert Lowe na kujulikana kwa jina la malipo kwa matokeo. Mkaguzi alifika shuleni mara moja kwa mwaka, akampima kila mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, na ruzuku ya shule ikategemea mahudhurio na idadi ya waliofaulu. Mantiki yake ilikuwa safi, hata leo ukiisikia unaweza kuikubali: fedha za umma ziende palipo na kazi. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, aliona kilichofuata. Aliripoti kwamba kwa maandalizi ya kijanja watoto waliweza kupitishwa katika mtihani wa kusoma, kuandika na kuhesabu bila kujua kusoma, kuandika wala kuhesabu. Walikuwa wamekariri kitabu. Masomo yasiyo na ruzuku yalikonda. Utaratibu ule ulianza kubomolewa kwenye miaka ya 1890, baada ya kizazi kizima kupita ndani yake.

Ungedhani somo lilieleweka. Mwaka 2011 wachunguzi wa jimbo la Georgia, Marekani, walitoa ripoti kuhusu mitihani ya mwaka 2009 katika shule za jiji la Atlanta. Walikuta udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 walizozichunguza, na watu 178, walimu na viongozi wa shule, wakahusishwa. Watu wazima, wenye vyeti, walikuwa wakikaa na vifutio kubadilisha majibu ya watoto. Mwaka 2015 waliokuwa watumishi 11 wa shule hizo walitiwa hatiani mahakamani. Siwatetei. Aliyefuta jibu la mtoto wa darasa la tatu na kuandika sahihi alimwibia mtoto huyo nafasi ya kugundulika kwamba anahitaji msaada. Lakini ripoti ileile ilieleza juu ya malengo yaliyoshushwa kutoka juu, hofu, na wakuu wa shule walioambiwa wafikishe namba au waondoke. Mwanasaikolojia Donald Campbell alikuwa amekwisha kuonya kwenye miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kimoja cha namba kinavyotumiwa kuamulia mambo makubwa ya jamii, ndivyo kinavyozidi kuchakachuliwa na kuiharibu kazi kiliyowekwa kuipima.

Mkuu wa shule anayesimama mbele ya walimu wake na kusema "mwaka huu sitaki kuona sifuri hata moja" anadhani ametoa agizo la kazi, na kumbe ametoa ombi kwa mbingu. Mwalimu aliye mbele yake atafanya moja kati ya mambo matatu: atafundisha vizuri kama alivyokuwa akifundisha siku zote, au atawaondoa mapema wale wanaoelekea kupata sifuri, kwa kuwakaririsha darasa au kuwashawishi wahame, au atatafuta njia ya panya. Hakuna la nne. Agizo lenyewe halimwambii afundisheje kesho asubuhi.

Lakini hapa lazima nigeuke, maana najua ni nani anayetikisa kichwa kwa kukubali. Tukishasema matokeo hayamo mikononi mwa mwalimu peke yake, kuna mwalimu anayevuta kiti, ananyoosha miguu na kusema: basi. Mimi nimefundisha, wao hawakuelewa. Sentensi hiyo nimeisikia katika kila ofisi ya walimu niliyowahi kukaa, na kuna siku niliisema mwenyewe. Ni sentensi isiyo na maana. Hakuna anayesema ameuza na mnunuzi hakununua.

Mambo yaliyomo mikononi mwa mwalimu ni mengi kuliko anavyokiri, na mengine ni madogo kiasi kwamba hakuna mkaguzi anayeyaandika. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, alirekodi vipindi vya darasani kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake kwenye miaka ya 1970. Alipima muda ambao mwalimu anangoja baada ya kuuliza swali kabla hajamwita mwingine, hajalirudia swali au hajalijibu mwenyewe. Wastani ulikuwa kama sekunde moja. Moja! Walimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, wengi zaidi wakajitolea kujibu, na ile "sijui" ikapungua. Jaribu mwenyewe. Uliza swali mbele ya darasa, kisha hesabu kimyakimya hadi tatu. Utaona ukimya unavyokuwasha, na utaelewa kwa nini wanafunzi walewale wanne ndio wanaojibu mwaka mzima. Huu ni wajibu. Hauhitaji vifaa, hauhitaji darasa dogo, hauhitaji semina yenye bahasha.

Na kuna matarajio ya aina nyingine ambayo barua ya ajira haiyataji kamwe: yale anayokuwa nayo mwalimu juu ya mtoto. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha jaribio walilolifanya katika shule moja ya msingi huko California. Walimu waliambiwa kwamba kipimo fulani kimewabaini watoto wanaokaribia kuchanua kiakili. Majina hayo, takriban mtoto mmoja kati ya watano, yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Mwishoni mwa mwaka, katika madarasa ya chini kabisa, watoto waliotajwa walikuwa wamepanda katika kipimo cha akili kuliko wenzao. Jaribio hilo limepingwa na kuchambuliwa kwa miongo, na utafiti uliofuata umeonyesha athari ndogo kuliko ile ya kwanza, na pengine haikuonekana kabisa. Nalitaja nikijua hivyo. Hata ukilipunguza hadi nusu ya nusu, linabaki na swali kwa ofisi ya walimu, mahali ambapo mwalimu wa darasa la nne anamkabidhi wa darasa la tano orodha ya majina pamoja na maelezo: huyu hana kichwa, huyu wa ukoo uleule, huyu usijichoshe. Mtoto hajakanyaga darasa jipya na tayari ameshasomewa hukumu.

Ningekuwa na uwezo wa kuongeza sharti moja kwenye mwongozo wa walimu, lingekuwa hilo: taarifa ya kukabidhiana wanafunzi iseme mtoto anaweza nini, amekwama wapi, na nini kilijaribiwa. Neno "mzito" lisiandikwe.

Kwa wazazi nina maneno machache, nayo si yote matamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa mwalimu unaonekana mwepesi kwa sababu maalumu. Mwanasosholojia Dan Lortie alieleza mwaka 1975 kwamba hadi anapomaliza sekondari, mwanafunzi amekaa takriban saa 13,000 mbele ya walimu akiwatazama. Hakuna kazi nyingine inayotazamwa kwa muda mrefu hivyo na watu wasioifanya. Ndiyo maana mtu ambaye hawezi kumshauri rubani wala mpasuaji ana uhakika kamili wa namna darasa linavyopaswa kuendeshwa. Lakini alilitazama akiwa dawatini. Ni abiria aliyekaa kiti cha mbele miaka kumi na miwili: barabara anaijua, ila hajui miguu ya dereva ilikuwa inafanya nini. Na tusisahau kwamba walimu wapya nao walikuwa abiria haohao. Wengi wanafundisha walivyofundishwa, pamoja na makosa yake yote, kwa kuwa zile saa 13,000 zina nguvu kuliko miaka miwili mitatu ya chuo.

Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake anaendeleaje, ana haki ya kuuliza bila kuogopa kwamba mtoto atalipiziwa, na ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Hana haki ya jibu saa tatu na nusu usiku kwenye kundi la WhatsApp. Shule ndiyo inayopaswa kuuweka mpaka huu, kwa maandishi, mwanzoni mwa mwaka: ujumbe utajibiwa siku ya kazi inayofuata, na mazungumzo kuhusu mtoto mmoja hayafanywi mbele ya wazazi arobaini. Ukimwachia mwalimu mmojammoja auweke mwenyewe, anayeweka anaitwa mwenye kiburi na asiyeweka hapati usingizi.

Kuna eneo moja ambalo sina hesabu za saa wala huruma, nalo ni usalama wa mtoto. Sheria za nchi nyingi zinamtazama mwalimu, kwa muda mtoto anapokuwa shuleni, kama aliyesimama mahali pa mzazi. Zamu ya mapumziko inayoonekana kazi ya kupoteza muda ndiyo hiyo. Mwalimu wa zamu aliyeketi ofisini akinywa chai wakati watoto wanapanda ukuta hajachelewesha kazi ya kawaida. Ameiacha ile ambayo haiwezi kufanywa kesho. Hapa pia shule zinapenda kuandika maneno mapana kama "atahakikisha ustawi wa mwanafunzi," na mwalimu hajui ahakikishe vipi. Ingeandikwa hivi angejua: mtoto akikuonyesha dalili za kupigwa, kunyanyaswa au kushinda njaa, au akikueleza jambo la namna hiyo, msikilize, usimwahidi siri, usimhoji kama askari, andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, na kabla jua halijazama mwambie mtu aliyeteuliwa kupokea taarifa hizo. Upelelezi si wako. Kuona na kusema ni kwako, na ukinyamaza huna utetezi. Shule nayo iwe imemteua mtu huyo kweli, jina lake lijulikane hata na watoto, na liwepo jina la pili endapo mtuhumiwa ni huyohuyo.

Upande wa pili wa jambo hili ni madaraka ya mwalimu mwenyewe juu ya mtoto. Uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi hauna mjadala. Kuna lile lingine lililozoeleka hadi likaacha kuitwa kosa: mwalimu anayefundisha nusu ya mada asubuhi na nusu nyingine jioni, kwa malipo, kwa wanafunzi walewale. Anajitetea kwamba mshahara hautoshi, na pengine ni kweli hautoshi. Lakini mshahara usiotosha ni ugomvi wake na mwajiri, na deni hilo amelihamishia kwa mtoto asiye na cha kulipa. Kama shule haiwezi kuzuia masomo ya ziada, izuie angalau jambo moja: mwalimu asimfundishe kwa malipo mwanafunzi aliye katika darasa lake mwenyewe.

Nirudi kwa wakuu wa shule, kwa kuwa orodha ya majukumu inaandikwa mezani pao. Wengi wao nao wameshinikizwa kutoka juu, wanapokea fomu tatu zinazouliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, na wanazigawa chini kama zilivyokuja. Kazi ya kwanza ya mkuu wa shule ingekuwa kusimama katikati hapo. Fomu inayoweza kujazwa na karani isifike kwa mwalimu. Taarifa ambayo hakuna aliyewahi kuisoma isiandikwe, na njia ya kuijua ni rahisi: acha kuituma muhula mmoja uone kama kuna atakayeiulizia. (Nimeona ikifanyika. Hakuna aliyeuliza.) Andalio la somo lipimwe darasani. Kuna maandalio mazuri mno, yenye wino wa rangi mbili, ambayo mwenye nayo hajawahi kuyafundisha, na kuna mwalimu mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni anayejua sekunde hadi sekunde anakokwenda. Mkuu wa shule anayeingia darasani dakika kumi, mara mbili kwa muhula kwa kila mwalimu, akakaa nyuma kimya, kisha akazungumza naye siku hiyohiyo, atajua mengi kuliko aliyekusanya maandalio yote ya mwaka.

Watakaosema huu ni wakati wa kuwabana walimu zaidi, si kuwapunguzia, watazame takwimu. UNESCO inakadiria kwamba dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 wa shule za msingi na sekondari ifikapo 2030, na sehemu kubwa ya hao ni wa kujaza nafasi za wanaoacha kazi. Kiwango cha walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi kilipanda kutoka asilimia 4.6 mwaka 2015 hadi asilimia 9 mwaka 2022. Mishahara imo katika sababu. Lakini zungumza na aliyeacha, umpe muda, na mara nyingi atafika pale pale: kazi aliyoipenda ilikuwa imezikwa chini ya kazi nyingine, na kila jioni alirudi nyumbani akiwa amefanya kumi nusunusu. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu alikuwa ameshikishwa kumi.

Katika shule ya mwisho niliyofundisha tulijaribu jambo. Mwalimu mmoja, wa hisabati kama unavyoweza kudhani, alipendekeza kikaoni kwamba kila jukumu kwenye mwongozo wetu liandikiwe pembeni muda wake kwa wiki, na lolote jipya lisiingie mpaka litajwe linalotoka. Mkuu wa shule alikubali, nadhani kwa kuchoka kubishana. Ilichukua vikao viwili vya makelele. Tuligundua kwamba mwalimu wa zamu alikuwa akitumia karibu saa nane za wiki ile kwa zamu peke yake, na ratiba yake ilikuwa haijapunguzwa hata kipindi kimoja. Tukampunguzia viwili, wenzake wakavigawana, wakinung'unika. Gwaride la Ijumaa lilitolewa ili muda wake uende kwenye kusahihisha. Mwalimu wa michezo hakufurahi hadi leo.

Mstari wa mwisho wa barua haukufutwa, mwajiri hakukubali. Ila palipoishia "atakayopangiwa na mkuu wa shule," mtu aliongeza kwa kalamu kwenye nakala iliyobandikwa ofisini: "baada ya kuonyesha linalopunguzwa." Mkuu wa shule aliona, akasoma, akauliza ni mwandiko wa nani. Hatukusema. Hakuibandua.